Kitenzi ‘amend’ na Jamaa Zake: Historia Yake na Taabu ya Kukifasiri

Mfasiri yeyote aliyepata kuandika kwa Kiswahili taarifa ya bunge, maelezo ya hati za kale, au hata habari za mafundi wa nguo, anajua kwamba Kiingereza kina vitenzi vitatu vinavyokaribiana mno kwa sauti na kwa maana: ‘mend’, ‘amend’ na ‘emend’. Akifungua kamusi kutafuta msaada, aghalabu atarudishwa kwenye vitenzi vilevile vya Kiswahili, yaani tengeneza, rekebisha na sahihisha, bila ya kuelezwa ni kipi kifaacho mahali gani. Kwa shughuli za kila siku jambo hili halina madhara makubwa. Lakini imo katika ukoo huu nomino moja, ‘amendment’, ambayo kwayo katiba za nchi zimebadilishwa, na mara nyingine zimedhoofishwa. Na namna nomino hiyo inavyotajwa kwa Kiswahili humwambia msikilizaji, kabla hajasomewa kifungu hata kimoja, kwamba lililotendwa lilikuwa jema. Kwa sababu hiyo yafaa neno hili lifuatwe tangu shina lake.

Shina ni la Kilatini. Warumi walikuwa na nomino mbili za jamaa moja, ‘menda’ na ‘mendum’. Ya kwanza ilitumika kwa ila ya mwili, kama vile baka au kilema kinachoupunguza uzuri wa mtu; ya pili ilitumika hasa kwa kosa la maandishi, yaani pale mkono wa mnakili ulipoteleza. Kwa kutanguliziwa kiambishi chenye maana ya ‘kutoa nje’, shina hilo likazaa kitenzi ‘emendare’, kuondoa ila. Wachunguzi wa asili za maneno hulihusisha pia na ‘mendicus’, mwombaji, ambalo yadhaniwa kwanza lilimtaja mtu mwenye kilema kabla ya kumtaja mtu aombaye kwa sababu ya kilema. Na ‘mendax’, mwongo, ambaye ila yake imo katika usemi wake. Basi tangu mwanzo kitenzi hiki kilichukua mambo mawili pamoja: kwamba kiko kitu ambacho kwa jumla ni kizima, na kwamba ndani yake mna ila. Kinachoondolewa ni ila. Kitu chenyewe hubaki kilekile.

Wanasarufi wa Kirumi wakalifanya neno hilo kuwa istilahi ya kazi yao. Kwa mujibu wa mgawanyo unaonasibishwa na Varro, msomi wa karne ya 1 K.K., kazi ya mwanasarufi ilikuwa na sehemu nne: kusoma, kufafanua, kusahihisha na kuhukumu, na ile ya tatu ndiyo iliyoitwa ‘emendatio’. Vitabu vyote vilinakiliwa kwa mkono, na nakala mbili za utungo mmoja hazikulingana kamwe. Kwa hivyo mwalimu hakuweza kufafanua shairi kabla ya kuhakikisha kwamba lililo mbele yake ni shairi lenyewe. Baadaye, katika karne ya 1 B.K., Quintilian alilitumia neno lilo hilo kwa kazi ya mwandishi juu ya maandishi yake mwenyewe, akaona kwamba kazi hiyo ina njia tatu: kuongeza, kupunguza na kubadili. Akawaonya wale wasiojua pa kuachia, akiwafananisha na waganga wanaokata hata nyama isiyougua. Onyo hilo litahitajika tena mbele, katika habari za wahariri na katika habari za wabunge pia.

Katika Kifaransa cha kale irabu ya kwanza iligeuka, na kitenzi kikawa ‘amender’. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala na ya mahakama kwa muda mrefu, na kwa njia hiyo ‘amend’ ikaingia katika Kiingereza. Kufikia karne ya 13 ilikuwa imekwisha kukaa katika maandishi, hasa maandishi ya dini yahusuyo mtu kuacha maovu na kuiongoa nafsi yake. Karibu wakati uleule silabi ya kwanza, isiyokuwa na mkazo, ilidondoka katika midomo ya watu, likapatikana neno fupi, ‘mend’. James Murray, mhariri mashuhuri wa kamusi kubwa ya Oxford, ndiye aliyeutungia mdondoko wa namna hii jina la kitaalamu, ‘aphesis’. Ndivyo ‘fend’ ilivyotoka katika ‘defend’, na ‘sport’ katika ‘disport’. La kuzingatia ni kwamba maneno mapacha ya aina hii hayakai sana katika daraja moja. Lile fupi hushikwa na watu wa kazi za mikono, na lile refu hubaki kwa makasisi na wanasheria.

Kwa hakika hivyo ndivyo ilivyokuwa. ‘Mend’ likawa neno la nyavu, soksi, vyungu, viatu na barabara. Moto nao uliweza kufanyiwa ‘mend’ kwa kuongezewa kuni, na mgonjwa anayepata nafuu husemwa hivyo hivyo hadi leo. Mwaka 1943, katika Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Uingereza ilipowahimiza raia wake watie viraka nguo zao badala ya kutafuta mpya, kijitabu kilichotolewa kilibeba neno hili katika anwani yake. Hakuna aliyefikiria kutumia ‘amend’ kwa soksi, ingawa miaka mia sita kabla ya hapo pengine isingalikuwa ajabu.

Hapa Kiswahili kina ushahidi wa kupendeza. Katika Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611, wavuvi wa Galilaya katika Mathayo 4:21 wanazifanyia nyavu zao ‘mend’, na watu wa Yuda katika Yeremia 7:3 wanaamriwa kuzifanyia njia zao ‘amend’. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka, ile iliyokamilika mwaka 1952, walitumia mahali pote pawili kitenzi kimoja tu, tengeneza. Hawakukosea. Tengeneza ni kitenzi cha Kibantu ambacho hakijapata kugawanyika kama kilivyogawanyika cha Kiingereza: hutengenezwa wavu, hutengenezwa njia, hutengenezwa chakula, na mtu naye hutengenezwa mwenendo wake. Anayezijua lugha zote mbili anaweza kuona katika tengeneza hali ambayo Kiingereza kilikuwa nayo kabla ya silabi ile kudondoka. Inafaa kuongezwa kwamba Miles Coverdale, katika tafsiri yake ya mwaka 1535, alitumia ‘amend’ hata katika Mathayo 3:2, mahali ambapo William Tyndale alikuwa ametumia neno la kutubu. Kiswahili hapo kimechukua tubu, neno la Kiarabu, na kuliacha tengeneza. Mpaka kati ya kujuta na kujirekebisha haukukaa pamoja katika lugha hizo.

Kabla ya kufika kwenye sheria, liko tawi moja dogo lisilofaa kurukwa. Katika Kifaransa nomino ‘amende’ ilipata maana ya faini, nayo ndiyo maana yake katika mahakama za Ufaransa hadi leo: kosa huondolewa kwa kulipiwa. Palikuwa pia na adhabu ya aibu iliyoitwa ‘amende honorable’, ambayo mkosaji, akiwa amevaa shati tu na kushika mwenge, alipelekwa mbele ya mlango wa kanisa kukiri hadharani. Mwaka 1757 Damiens, aliyekuwa amemjeruhi Mfalme Louis XV kwa kisu, alihukumiwa kufanya hivyo kabla ya kuuawa. Kiingereza kilichukua nomino hii katika wingi, ‘amends’, na hadi leo hakina umoja wake. Lakini maana ilipovuka bahari ilipungua ukali: si lazima fedha, wala si lazima hakimu, mtu aliyemkosea mwenziwe humwendea akatengeneza yaliyoharibika. Chama cha kuwasaidia walevi kilichoanzia Marekani katika miaka ya 1930 kimeliweka neno hili katika hatua ya nane na ya tisa za zile hatua zake kumi na mbili, zilizochapishwa mwaka 1939. Fidia, linalotumika sana kulifasiri, halilingani nalo sawasawa. Fidia asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kikomboleo. Katika masikio ya Mswahili wa leo ni malipo, na mara nyingi ni malipo yanayodaiwa kwa wakili. Mahali pengine suluhu ingefaa zaidi, lakini suluhu huhitaji watu wawili, na ‘amends’ huweza kufanywa na mmoja.

Neno la tatu, ‘emend’, lina historia iliyo kinyume cha ile ya ‘mend’. Halikupokewa kwa masikio ya watu, bali lilichotwa vitabuni. Katika karne ya 15 wasomi wa Uingereza walirudi kwenye Kilatini chenyewe, wakalichukua tena neno ambalo tayari walikuwa nalo kwa sura mbili. Na hatimaye likaachiwa kazi moja tu, kusahihisha matini. Ni kana kwamba ‘mendum’ ya mnakili wa Roma imerudi mahali pake pa kwanza. Tofauti ya herufi moja kati ya ‘amend’ na ‘emend’, ambayo wanafunzi huiona kuwa usumbufu mtupu, ni alama ya njia mbili ambazo neno lilifuata kufika England: moja kwa mdomo kupitia Ufaransa, nyingine kwa kalamu.

Yaliyofanywa kwa jina la ‘emend’ yanaonyesha jinsi dhana ya ila inavyoweza kumpoteza msomi. Lewis Theobald, mwaka 1726, alitoa kitabu cha kuonyesha makosa ya Alexander Pope katika uhariri wake wa Shakespeare. Katika mchezo wa Henry V, mahali panaposimuliwa kufa kwa Falstaff, toleo la mwaka 1623 lina neno ‘Table’, ambalo halitoi maana ya kuridhisha. Theobald akakisia kwamba mchapaji aliusoma vibaya mwandiko, na kwamba neno lililokusudiwa lilikuwa ‘babbled’: mzee anayekata roho alikuwa akiropoka. Kisio hilo limekubaliwa na wahariri wengi hadi leo, nalo ni mfano bora wa kazi hii, kwa kuwa linaeleza kosa pamoja na sababu ya kosa. Upande wa pili yuko Richard Bentley, mjuzi mkubwa wa Kilatini na Kigiriki wa zama zake. Mwaka 1732 alichapisha Paradise Lost ya Milton huku akidai kwamba, kwa kuwa mshairi alikuwa kipofu na maneno yake yaliandikwa na wengine, utungo ulikuwa umejaa makosa ya mwandishi na nyongeza za mhariri fulani. Akasahihisha mamia ya mahali. Mhariri huyo hakupata kuwako. Kila alipokuta sitiari asiyoipenda, Bentley aliona ila, na kila alipoona ila, alikuwa na dawa. Elimu yake haikumsaidia, maana kosa lilikuwa katika dhana iliyotangulia: ukiamini kwamba kitu kina ila, ila haitakosekana.

Jambo hili lina uhusiano wa moja kwa moja na kazi inayofanywa juu ya fasihi ya pwani ya Afrika Mashariki. Hati za kale za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo kwa desturi zina alama za irabu tatu tu, na ambazo mara nyingi ziliandika konsonanti zenye ung’ong’o kama b na d bila ya kilichotangulia. Kwa hivyo hapana anayeweza kuisoma hati kama hiyo bila ya kuchagua. Kusoma kwenyewe tayari ni kukisia. William Hichens alipochapisha Al-Inkishafi mwaka 1939, na Diwani ya Muyaka mwaka uliofuata, alifanya uchaguzi wa namna hiyo katika kila ubeti. Mashairi ya Muyaka yalikuwa yamekusanywa Mombasa na W. E. Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, ambaye bila yeye sehemu kubwa ya tungo hizo na maelezo yake ingalipotea, na M. H. Abdulaziz alirudi kwenye mashairi hayo katika kitabu chake cha mwaka 1979. Basi mwanafunzi anapoambiwa kwamba mhariri fulani “amesahihisha” ubeti, ameambiwa nini? Sahihisha linatokana na Kiarabu, na katika Kiarabu sahihi ni kizima, kisicho na ugonjwa. Neno hili, kama lile la Kirumi, huutazama utungo kama mwili unaouguzwa. Lakini katika Kiswahili cha leo sahihisha ni kazi ya mwalimu mwenye kalamu nyekundu, anayelijua jibu. Mhariri wa hati za kale halijui jibu. Anakisia, na wajibu wake ni kuonyesha alipokisia. Ingalifaa idara zetu zitumie kisio la mhariri, au kwa urefu sahihisho la kukisia, kwa maana ya ‘emendation’, na kuliacha sahihisho lenyewe kwa makosa ambayo asili yake ipo na inaweza kutazamwa. Hariri nalo ni pana mno. Katika Kiarabu shina lake lina maana ya kuacha huru pamoja na ile ya kuandika kwa uangalifu, na mhariri wa gazeti anahariri bila ya kuwa na hati yoyote ya kale mbele yake.

Sasa ‘amend’ yenyewe. Ilipopokonywa nyavu na ‘mend’, na matini na ‘emend’, ilibaki na nafsi ya mtu na sheria; na nafsi ya mtu nayo imeiacha polepole, isipokuwa katika lugha ya kanisa. Kufikia karne ya 17 ‘amendment’ ilikuwa istilahi ya kawaida ya Bunge la Uingereza kwa badiliko lolote linalopendekezwa katika mswada. Hapo ndipo maana ilipopasuka. Katika bunge, mtu haombwi athibitishe kwamba pendekezo lake litaondoa ila. Anaombwa kura. Ikawa desturi ya wabunge wa Uingereza waliotaka kuuua mswada kupendekeza kwamba neno ‘sasa’ liondolewe katika hoja ya kuusoma, na badala yake iwekwe siku ya miezi sita mbele. Kila mtu alijua kwamba miezi sita baadaye bunge halitakuwa likikutana, na kwamba mswada umekufa. Kwa ufundi wa kanuni, kitendo hicho cha kuua kiliitwa kwa jina lililotokana na kuponya.

Marekani neno lilipata heshima kubwa zaidi. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 ilitenga kifungu chake cha tano kwa utaratibu wa kujibadilisha. Mwaka 1789, James Madison alipoleta mapendekezo ya haki za raia, alitaka maneno mapya yafumwe ndani ya vifungu vya awali, kila neno mahali pake, hata katiba isomeke kama iliyoandikwa siku moja. Roger Sherman wa Connecticut alipinga: yaliyokubaliwa na waasisi yabaki kama yalivyo, na mapya yaongezwe mwishoni. Mnamo Agosti mwaka huo rai ya Sherman ilishinda. Kwa mtazamo wa neno, hili ni jambo kubwa. Madison alifikiri kama mfumaji anayeziba tundu lisionekane. Sherman alitaka kiraka kionekane kuwa ni kiraka. Ndiyo maana Mmarekani husema habari za ‘amendment’ ya kwanza au ya tano kama kitu chenye kuwepo kwake, wala si kama tendo lililokwisha. Zile kumi za kwanza zilipitishwa mwaka 1791. Ya 27, iliyopendekezwa mwaka 1789 uleule, ilikamilika mwaka 1992. Na ile ya 18, iliyopiga marufuku pombe mwaka 1919, ingali inachapwa katika katiba ingawa ya 21 iliifuta mwaka 1933. Ila imeondolewa, na kovu limeachwa makusudi.

Je, asili ya neno yaweza kuwafunga wabunge? Hoja hiyo imepata kusikilizwa mahakamani. Mwaka 1894 Mahakama Kuu ya Upeo ya jimbo la California, katika kesi ya Livermore na Waite, ilikuwa na swali la kama bunge la jimbo liliweza kupendekeza kwa njia ya ‘amendment’ kwamba makao ya serikali yahamishwe kutoka Sacramento hadi San Jose, kwa masharti ya kiwanja na dola milioni moja. Mahakama ilikataa, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba neno hilo lina maana ya nyongeza au badiliko lililo ndani ya mipaka ya hati ya awali, lenye kuleta uboreshaji. Huko India mwaka 1973, katika kesi ya Kesavananda Bharati, majaji 13 waligawanyika 7 kwa 6, na waliozidi wakaamua kwamba uwezo wa kufanya ‘amendment’ hauhusishi uwezo wa kuharibu muundo wa msingi wa katiba. Kwa mwanaisimu hoja ya etimolojia peke yake ni dhaifu. Maneno huongozwa na matumizi, wala hayaongozwi na mababu zao, na wabunge wa miezi sita walikwisha kulionyesha hilo. Lakini majaji hawakuwa wakifanya isimu. Walikuwa wakiuliza ni kitu gani watu walikikubali walipoliandika neno lile katika katiba, na swali hilo lina jibu tofauti na la kamusi.

Kenya imelipitia swali hilo kwa undani kuliko nchi nyingi. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilianza kubadilishwa mwaka 1964, nchi ilipofanywa jamhuri, na haikupumzika baadaye. Mwaka 1975 ilibadilishwa ili Rais aweze kumsamehe mwanasiasa aliyezuiwa kugombea kwa sababu ya kosa la uchaguzi. Mwaka 1982 kiliingizwa kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu. Kikafutwa Desemba 1991. Mwaka 1988 majaji waliondolewa ulinzi wa kazi zao, wakarudishiwa mwaka 1990. Kiswahili chenyewe kimo katika orodha: mwaka 1974 katiba ilibadilishwa kikawa lugha ya mijadala ya Bunge, huku miswada ikiendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na mwaka 1979 Kiingereza kikarudishwa katika mijadala pia. Vitendo vyote hivi, vya kujenga na vya kubomoa, vilikuwa na jina moja la kisheria.

Mnamo Machi 2004, katika kesi ya Njoya, Mahakama Kuu iliamua kwamba uwezo wa Bunge wa kuibadilisha katiba haukuhusisha uwezo wa kuifuta na kuweka nyingine badala yake. Kazi hiyo ni ya wananchi. Mswada wa mwaka 2020 uliotokana na mpango wa BBI ulilirudisha swali. Mahakama Kuu mnamo Mei 2021, na Mahakama ya Rufani mnamo Agosti mwaka huo, ziliuzuia mswada na kukubali kwamba katiba ina muundo wa msingi usioguswa kwa njia za kawaida. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji wake, ikaikataa nadharia hiyo kwa Kenya, ingawa mswada haukufufuka. Mtaalamu wa katiba Richard Albert amependekeza kwamba badiliko linalokata kiungo cha katiba lisiitwe ‘amendment’ kabisa, bali ukataji wa viungo. Istilahi hiyo inaurudisha mwili wa ‘menda’ katika sheria, na inakumbusha waganga wa Quintilian.

Katika magazeti na redio za Kenya, mswada huo uliitwa kwa kawaida mswada wa marekebisho ya katiba. Rekebisha lina asili ya Kiarabu, katika shina lihusulo kupachika na kuunganisha vipande, na katika Kiswahili lina maana ya kukiweka sawa kitu kilichokaa kombo. Hakuna Mswahili atakayesema amelirekebisha tanga kwa kulichana. Hii ina maana kwamba marekebisho bado yanachukua hukumu ambayo ‘amendment’ iliiacha njiani zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Anayesema kwa Kiingereza kwamba mwaka 1982 palifanywa ‘amendment’ hajasifu kitu; anayesema kwa Kiswahili kwamba katiba ilirekebishwa amekwisha kusema kwamba kabla ya siku hiyo ilikuwa na kombo. Tafsiri imedai jambo ambalo maandishi ya asili hayakudai.

Tanzania, ambako katiba yenyewe husomwa kwa Kiswahili, imechukua njia nyingine. Sheria za kawaida zinapoguswa, aghalabu jina ni marekebisho, kama katika ile mifululizo ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Lakini kwa katiba neno lililozoeleka ni mabadiliko, na ibara ya 98 ya Katiba ya mwaka 1977 inalifafanua kubadilisha kuwa ni pamoja na kurekebisha, kusahihisha, na kufuta na kuweka mengine badala yake. Huu ni uandishi mwangalifu, kwani umemweka kila kitenzi katika daraja yake: badilisha ni jina la jumla lisilohukumu, na rekebisha ni namna moja tu iliyomo ndani yake. Kasoro yake iko kwenye kiasi. Tume iliyoongozwa na Joseph Warioba tangu mwaka 2012, ambayo kazi yake iliishia katika rasimu ya katiba mpya nzima, nayo iliitwa Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Neno lisilopendelea upande limefunika palepale pengo ambalo Njoya alikwenda mahakamani kulifunua.

Kwa hivyo haitoshi kuliondoa marekebisho na kuliweka mabadiliko kila mahali. Badiliko la vifungu, kwa wingi mabadiliko ya vifungu, lingefaa kwa ‘amendment’ ya kawaida, kwa kuwa linataja kinachoguswa wala halisemi kama kimepona. Kuandika katiba upya kuitwe hivyo hivyo. Na marekebisho yabakizwe kwa ajili ya yule anayetaka kusema, kwa kauli yake na kwa jukumu lake, kwamba palikuwa na ila nayo imeondoka. Mbunge anayeutetea mswada wake ana haki ya kuliita badiliko lake marekebisho. Mfasiri wa taarifa rasmi hana.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, kwa sababu Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 259, imesema wazi kwamba matini za lugha mbili zikipingana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Mahakamani ni kweli. Lakini katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 255, imeyataka mabadiliko mazito zaidi yapelekwe kwa wananchi katika kura ya maamuzi, na angalau asilimia 20 ya wapiga kura walioandikishwa wajitokeze katika nusu ya kaunti au zaidi. Wengi wao watalisikia swali hilo kwa mara ya kwanza barazani au redioni, na watalisikia kwa Kiswahili.